Kadi za Salamu na Muhuri wa Mwenyekiti

Muhula uliopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule anakosoma binti yangu, huku upande wa Kesses. Ajenda ilikuwa simu. Watoto wanakutana na watu gani humo ndani, wanaambiwa nini, na nani awazuie. Wazazi tulitaka serikali iifunge hiyo mitandao. Afisa aliyetumwa kuzungumza nasi, kijana mwenye tai nyembamba, akasema serikali haiwezi kukaa katika kila chumba cha kulala. Mzazi ndiye ajue mtoto wake anaongea na nani. Tukampigia kelele. Naye alikuwa na kipaza sauti, kwa hiyo akashinda. Mwishowe ikakubaliwa tuandike barua, na mama mmoja akaninyooshea kidole.

"Huyu mwalimu wa chuo aandike. Ana mwandiko mzuri."

Nina shahada tatu, na mpaka leo kinachonipatia kazi ni mwandiko. Nilitoa kalamu, nikaandika tarehe upande wa kulia, nikakwama hapo. Niliwaambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Ila barua rasmi ya kwanza niliyoandika maishani ilihusu mtoto pia. Mtoto huyo alikuwa dada yangu, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na barua hiyo ilimpeleka mahali ambapo ilimchukua miezi saba kutoka.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, na sisi tulikaa Kapseret, kwenye ekari mbili zenye mahindi mbele na nyasi za ng'ombe nyuma. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret. Alitoka magharibi akiwa kijana, akaja na cheti chake cha shule kwenye bahasha ya kaki, na bahasha hiyo aliiweka chini ya godoro mpaka siku ya kufa kwake. Mama alibaki shambani na ng'ombe mmoja na mdomo ambao haukuogopa mtu.

Baba hakuwa mzazi mzembe. Nasema hivi mapema kwa sababu mbele huko kuna watu watakaosema alikuwa mzembe, na mmoja wao alikuwa na kofia ya serikali. Riwaya za mapenzi alizichoma jikoni, akichochea kwa kijiti ili kila ukurasa uungue. Ule ukumbi wa video mjini, ambako watoto walikwenda kutazama Wachina wakirushiana mateke, tulikatazwa hata kupita upande wake wa barabara. Dansi ya vijana wa kanisa, iliyochezwa mchana na mchungaji akiwa amekaa katikati na Biblia mapajani, tulikatazwa pia. Kitu kimoja tu hakukikagua, nacho kilikaa juu ya kabati kikiwa kimefunikwa kitambaa alichokifuma mama.

"Redio ni ya serikali," alisema. "Kila neno limepitia kwa mtu ambaye ni kazi yake."

Aliamini kwamba mahali fulani Nairobi alikaa mzee mwenye miwani, mwenye kalamu nyekundu, akiyapima maneno yote kabla hayajafika Kapseret. Kwa upande wa siasa pengine alikuwapo. Kwa upande wa salamu hakuwapo.

Wasiokuwa wamezaliwa wakati ule itabidi niwaeleze kadi za salamu. Zilikuwa kadi zilizochapwa tayari, unazinunua dukani. Juu unaandika jina lako na sanduku la posta. Chini kuna mistari ya watu unaowasalimu, na mwishoni nafasi ndogo ya ujumbe. Unaituma redioni, inatumbukizwa kwenye magunia na kadi nyingine zote za nchi, na ukibahatika, mtangazaji anaitoa na kuisoma. Anasema wewe ni nani na uko wapi, anataja uliowataja, anawaambia wakikutana watatu wasalimiane. Watu walijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo. Walikuwa na majina ya hewani, wapenzi wao, maadui wao. Kulikuwa na klabu za salamu, zenye mwenyekiti na katibu na mweka hazina, ingawa hazina hiyo ilikuwa na nini sikuwahi kujua.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la saba. Alikuwa na kicheko ambacho kilimfanya ng'ombe ageuze shingo, na mwandiko mbaya kuliko wote wilayani. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na kicheko chochote. Tukafanya mapatano: yeye atanichotea maji zamu yangu, mimi nitamwandikia kadi. Nilimtungia jina la hewani lenye neno malkia ndani yake. Sijui alikuwa malkia wa nini. Tulikuwa na kuku sita. Kisha, ili kadi iwe na uzito, nikajaza pembeni mambo ambayo hakuna aliyeniuliza: kwamba yuko Kapseret si mbali na uwanja wa ndege, kwamba anasoma shule fulani, kwamba anapenda kuimba na kusoma barua. Anwani niliweka sanduku la posta la kiwanda, kupitia kwa baba. Niliona nimefanya kazi safi sana. Ni kosa ambalo waandishi tunalifanya mpaka leo: tukipata nafasi ya kueleza, tunaeleza.

Kadi ya kwanza ilisomwa Jumamosi saa tisa. Baba alikuwa anapaka viatu rangi. Aliposikia namba ya sanduku lake ikitoka redioni, alisimama na brashi mkononi.

"Hilo ni sanduku langu!"

"Ni mimi, Baba," dada akasema, tayari kukimbia.

Baba hakumchapa. Alimpa mkono, kama vile wanavyopeana mkono watu wa ofisi. Kisha akanipa mimi, aliponikuta na wino vidoleni. Jumatatu alipitia dukani kwa mama mmoja aliyehamia kutoka Nyeri, akanunua kadi kumi na mbili kwa mpigo.

"Baba, kadi zote hizi?" yule mama alimwuliza. "Unatangaza harusi ama?"

"Watoto wangu wako redioni," baba alisema, na alilirudia jibu hilo nyumbani mara tatu ili nasi tulisikie.

Barua zilianza kuja. Baba alizileta kutoka kazini ndani ya gazeti, na hakutukabidhi mpaka azisome yeye kwanza. Ya askari mmoja aliyetaka picha aliichoma. Ya mwanafunzi wa Kisii aliyechora moyo uliochomwa mshale aliichoma pia, mshale na moyo. Narudia, hakuwa mzembe. Alikuwa na kichujio, na kilifanya kazi vizuri mpaka ilipokuja barua yenye muhuri.

Ilipigwa taipu. Ilikuwa na kumbukumbu namba, ilikuwa na mstari uliopigwa chini ya kichwa cha habari, na chini kabisa, juu ya sahihi, muhuri wa mviringo wa wino wa zambarau: klabu ya salamu, Kitale, mwenyekiti. Baba aliisoma amesimama. Nafikiri hakuna mtu asiyekuwa karani wa miaka ile anayeweza kuelewa muhuri ulikuwa nini kwake. Kazini kwake bale, yaani robota la kitambaa, haikuvuka lango bila muhuri. Mtu hakuzaliwa, hakuoa wala hakuzikwa bila muhuri. Kitu kilichogongwa muhuri kilikuwa kimeshaulizwa maswali yote, na mtu mwingine.

"Huyu ni mtu wa ofisi," alisema.

Mama aliichukua. Alisoma polepole, kwa kidole. "Mwenyekiti wa nini?"

"Wa klabu. Si imeandikwa?"

"Klabu ina watu wangapi?"

"Mama watoto, angalia muhuri."

Mama aliugeuza ule muhuri huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. "Nimeuangalia," alisema. "Siuoni uso wa mtu hapa."

Baba alicheka, nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa upande wa watu waliosoma.

Barua za mwenyekiti ziliendelea kwa miezi minane. Zilikuwa na adabu. Zilimwulizia baba afya yake. Katika barua ya tano dada yangu aliteuliwa katibu msaidizi, tawi la Eldoret, na baba akaipeleka kiwandani kuwaonyesha wenzake. Aprili, shule zilipofungwa, ukaja mwaliko wa mkutano mkuu wa mwaka, Kitale, siku ya Jumamosi, kurudi jioni. Wanachama walio bado shuleni walitakiwa kuja na barua ya idhini ya mzazi.

Hilo la idhini ndilo lililommaliza baba. "Mnaona?" alisema. "Mtu mbaya anaweza kuuliza idhini ya mzazi?"

Alinisomea, nikaandika. Mimi mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu sina pingamizi. Niliona inakwisha ghafla mno, nikaongeza ya kwangu: na awapo huko nimemweka chini ya uangalizi wako kamili. Uangalizi wako kamili! Nililiokota hilo kwenye karatasi ya hospitali. Baba aliposoma aliniangalia kwa macho ambayo hakuniangalia nayo tena hata siku nilipopata shahada ya kwanza. Akatia sahihi.

Mama alitaka kumsindikiza.

"Utafanya nini kwenye mkutano wa watu wa klabu na hukualikwa?" baba akamwuliza.

"Nitakaa nje."

"Umwaibishe mtoto?"

Ilikuwa siku za kupanda mahindi, mvua ilikuwa imeshaanza, na mama akashindwa kwa sababu hiyo zaidi ya kwa maneno ya baba. Dada aliondoka asubuhi amevaa sweta ya mama ya kijani, na barua yangu ndani ya bahasha mpya ya kaki. Kufika langoni aligeuka akanipigia saluti. Nikamjibu.

Jumamosi jioni hakurudi. Jumapili hakurudi. Jumatatu baba hakwenda kazini, mara ya kwanza tangu nimjue, akapanda gari la Kitale na ile namba ya sanduku la posta kwenye karatasi. Alikuwa na anwani kamili ya mwenyekiti, miezi minane ya anwani. Alipofika posta ndipo alipoona kwamba sanduku la posta ni kijumba cha bati cha upana wa kiganja, chenye kifuli. Alimwomba karani wa posta amwambie mwenyewe anakaa wapi. Karani alimjibu, kwa heshima, kwamba habari za wenye masanduku ni siri na haruhusiwi. Baba hakubishana. Yeye mwenyewe angejibu hivyo hivyo. Alisimama mbele ya kile kijumba mpaka posta ikafungwa, akarudi siku ya pili akasimama tena, na siku ya tatu. Hakuja mtu. Mahali pa mkutano palipotajwa kwenye mwaliko palikuwa ghala la mahindi, limefungwa.

Polisi mjini walimwambia aanze kwa naibu wa chifu wake, apate barua. Alinichukua niende naye. Mimi ndiye niliyeweka faili, barua zote kwa tarehe.

Naibu wa chifu wetu alizisoma huku kofia yake ikiwa mezani, na nembo ikitutazama. Alipofika kwenye nakala ya idhini, niliyoiandika kwa kaboni kwa sababu baba alinifundisha kuweka nakala, akaisoma kwa sauti.

"'Chini ya uangalizi wako kamili.' Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, Bwana Naibu."

"Kwa hivyo mtoto hakupotea. Ulimtuma."

"Nilimtuma mkutanoni. Arudi jioni."

"Mkutano wa nini?"

"Wa klabu ya salamu. Zile za redio."

"Hiyo klabu ina leseni?"

Nilimwona baba akitafuta kichwani, kama anayetafuta faili iliyokuwa pale jana.

"Mkutano una kibali cha D.C., mkuu wa wilaya?" yule bwana aliendelea. "Unajua watu zaidi ya wangapi wakikutana bila kibali ni kosa? Unajua. Wewe ni mtu wa ofisi. Umempeleka mtoto mdogo kwenye mkusanyiko haramu, tena umeandika, tena umetia sahihi. Sasa nikikupatia barua uende nayo polisi, nani atakuwa wa kwanza kuingia ndani?"

"Lakini huyo mtu alimpata kwa redio," baba alisema. "Jina lake lilisomwa na redio ya serikali. Sisi tuliamini..."

"Ngoja hapo." Naibu wa chifu alivaa kofia. Aliivaa polepole, na alipomaliza alikuwa mtu mwingine. "Unasema serikali ndiyo imepoteza mtoto wako?"

Nje ya dirisha askari mmoja wa utawala alikuwa akila hindi la kuchoma. Aliacha kutafuna.

"Hapana, Bwana Naibu."

"Maana hapa watu wamekaa na nyinyi wageni vizuri, Mzee. Miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Kumi na minne. Mtoto ni wa mzazi. Serikali haikunyonyesha."

Tulitoka. Baba alitembea mbele yangu na kofia yake mwenyewe mkononi, hakuivaa, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Kulikuwa na tangazo la watu waliopotea redioni, tulilijua, tulilisikia kila siku, picha za watu kwa maneno: mrefu, mweusi, ana kovu kwenye paji la uso. Ili litangazwe lilihitaji muhuri wa chifu.

Siku chache baadaye aliniambia nichukue kalamu tuwaandikie watu wa redio, tuwaulize kwa nini wanasoma majina na anwani za watoto. Aliniandikisha salamu, akaniandikisha kichwa cha habari. Alipofika kwenye neno serikali alisita. Aliniangalia mkono. Sijawahi kuogopwa na mtu mzima kama baba alivyouogopa mkono wangu wakati ule. Akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mdomoni. Nilidhani anatania. Aliitafuna mpaka ikalainika ndipo akaitema jikoni motoni.

Kikabaki kitu kimoja kisichohitaji muhuri wa mtu yeyote, nacho kilikuwa kadi za salamu.

Zilikuwa zimebaki nne katika zile kumi na mbili. Tuliandika zote siku hiyo. Kwenye mistari ya kusalimiwa tuliweka jina la dada peke yake, jina lake la kweli, na mengine yote tukayaacha wazi. Kwenye ujumbe baba alitaka tuandike: rudi nyumbani. Mama alikataa. Alisema yule mtu akisikia hivyo atamficha zaidi. Mtamba wa dada, ndama wa ng'ombe wetu aliyemlea kwa mkono, alikuwa na mimba dada alipoondoka. Mama akasema tuandike: mtamba amezaa, maziwa yapo. Alikuwa hajazaa bado. Alizaa mwezi wa sita, dume, na hatukubadilisha maneno.

Baba alirudi kwa yule mama wa duka kununua nyingine. Safari hii yule mama hakuuliza kuhusu harusi. Alizifunga kwenye gazeti na kumwambia, "Chukua, Baba. Hizi hazinunuliwi na mtu siku hizi." Haikuwa kweli.

Kuanzia hapo kila saa tisa mama na mimi tulikaa chini ya redio. Sijui kama wasomaji wangu wamewahi kusikiliza furaha ya watu wengine kwa miezi. Watu wa Voi waliwasalimu watu wa Busia. Mtu alimsalimu shemeji yake na kumwambia bado anamdai yule mbuzi. Mtangazaji alicheka. Magunia yalifunguliwa, kadi zikatolewa, na kila jina la mtumaji lilipoanza, kwa ile nusu sekunde kabla halijakamilika, lilikuwa letu. Kisha halikuwa letu. Nilipokuwa shuleni mama alisikiliza peke yake, na akitoka kwenda kukata nyasi aliongeza sauti mpaka mwisho ili asikie toka huko.

Baba alirejea kazini kwa sababu ilibidi. Aliacha kupaka viatu rangi. Mtu ambaye alikuwa akirekebisha koma kwenye barua za mchungaji alianza kukosea hesabu za bale, akaandikiwa onyo. Alikonda mpaka mkanda ukazidi matundu, akatoboa jipya kwa msumari. Jioni alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza swali moja tu.

"Imesomwa?"

"Bado," mama alisema.

Mei, Juni, Julai, Agosti, jibu lilikuwa bado. Siku moja ya mwanzo wa Septemba, kabla shule hazijafunguliwa, alisimama mlangoni kama kawaida, ila alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye lori.

"Imesomwa?"

Mama alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka.

"Imesomwa leo," alisema. "Yote. Mpaka ya mtamba."

Niliinua kichwa. Nilikuwa nimekaa chini ya redio tangu ianze salamu mpaka zilipokwisha, na mama alijua nilikuwa hapo. Aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akaniangalia, nami nikarudisha macho kwenye daftari. Baba aliingia, akakaa, akala. Alikula kama mtu aliyetoka hospitali.

"Mtangazaji alisema nini?" aliuliza.

"Alisema mtoto asikie huko aliko."

"Alisema vizuri?"

"Alisema vizuri sana."

Dada yangu alirudi Novemba, asubuhi, wiki ya mtihani wa darasa la nane. Sisi wa madarasa ya chini tulikuwa tumepewa mapumziko ili wakubwa wafanye mtihani kwa utulivu, ndiyo sababu nilikuwa nyumbani. Alikuja kwa miguu toka barabara kuu, bila sweta ya kijani, akiwa na kitu amekifunga kwenye kipande cha leso. Hakuita hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye zizi, na mama akamkuta huko ameegemea ng'ombe.

Alituambia mambo machache, akiwa ameweka miguu kwenye karai. Klabu ilikuwa mtu mmoja, na muhuri, na mashine ya taipu ya kuazima. Mtu huyo alikaa kwenye chumba nyuma ya lile ghala la mahindi. Mwenye nyumba aliambiwa kwamba dada ni mke wake. Wa kwanza kuuliza kuhusu umri wa dada alionyeshwa barua ya idhini ya mzazi, yenye uangalizi wako kamili, na hakuuliza tena.

Mpaka leo sijasema kitu. Hiki ninachoandika ndicho cha kwanza.

"Redio ilikuwepo?" mama alimwuliza.

"Ilikuwepo. Akitoka asubuhi alitoa betri akatia kwenye mfuko wa koti."

"Hukusikia kadi yoyote?"

"Kadi gani?"

Mama alimimina maji mengine kwenye karai. Dada akasema aliondoka siku mtu yule alipokuja na barua kutoka posta, akazipanga mezani, na yeye dada akaona mwandiko juu ya bahasha. Mwandiko wa mtoto mwingine. Kesho yake mtu yule alipotoka tu, dada aliruka dirisha na kile alichokuwa amekikuta kwenye droo. Alifungua leso. Ulikuwa muhuri. Mpira wake bado ulikuwa na wino wa zambarau.

Mama alihesabu mambo yake haraka. Kupatikana na muhuri wa kikundi kisichosajiliwa, familia ya wageni Kapseret, baba ameshatajwa mbele ya naibu wa chifu. Alikwenda jikoni akautupa motoni. Nyumba ilinuka mpira mpaka saa sita. Alifanya alichoweza kufanya, na sina haki ya kumhukumu, lakini ule ndio ulikuwa ushahidi wetu wote, na kulikuwa na barua za watoto wengine kwenye ile meza. Nimezifikiria barua hizo zaidi ya nilivyofikiria vitabu nilivyosoma. Nimejaribu kujifariji kwamba bila muhuri mtu yule hakuwa kitu. Mihuri ilichongwa kila mji, kwa siku moja.

"Baba yenu asiambiwe habari ya betri," mama alisema.

Ili dada arudie darasa la nane mwaka uliofuata, hedimasta alitaka barua ya chifu. Baba alikwenda mwenyewe. Naibu wa chifu alimkaribisha kiti, akamwambia anafurahi kusikia mtoto amerudi kwa wazazi wake, na akagonga muhuri bila kusoma. Kwa mtoto aliyepatikana muhuri ulikuwa tayari.

Jumamosi iliyofuata baba alipaka viatu rangi. Kisha akaniita na kadi mpya. Dada alikuwa kwenye kigoda mlangoni, akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Andika," baba alisema. "Salamu ziende kwa mtangazaji, na kwa wafanyakazi wote wa redio, na kwa serikali yetu tukufu. Ujumbe: mtoto wangu alisikia salamu zenu, akarudi nyumbani. Asanteni."

Nilimtazama dada. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa uani.

"Umeandika?" baba aliuliza.

"Andika," dada akaniambia.

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri. Katika kadi thelathini na kitu tulizotuma tukimtafuta, hakuna hata moja iliyotoka kwenye magunia. Hii ilisomwa baada ya siku tisa, neno kwa neno, tena mara mbili. Mtangazaji alisema huo ni mfano mwema kwa nchi nzima, mzazi anayewajibika na serikali inayojali, akaomba wote wanaosikiliza wampigie makofi mzee huyo popote walipo. Baba alisimama katikati ya chumba mikono ikiwa ubavuni, kama inavyosimamiwa bendera. Machozi yalimtoka.

Dada yangu alijitwisha ungo wake wa maharagwe, akatoka kwenda kuchambulia nje, nyuma ya zizi, ambako sauti haikufika.